Historia Fupi ya Mkia Mfupi

Wahenga walituonya tusile ng'ombe mzima tukashindwa na mkia. Kwao mkia ulikuwa kitu cha mwishomwisho, kitu kidogo, aibu kwa mla nyama kusalimu amri mbele yake. Leo naomba tugeuze. Tuanze na mkia, tena mkia wa mbwa, tuone utatufikisha wapi. Najua wapo watakaoguna: jarida la waandishi, na huyu naye katuletea mikia ya mbwa! Vumilieni, ndugu zangu. Ndani ya historia hii yumo profesa aliyehesabu panya 901 akimtafuta mmoja tu aliyezaliwa bila mkia. Yumo mama mkimbizi aliyekiona kifo kimejificha ndani ya hesabu za panya wake. Na wamo mabwana wa London waliokutana baa kwa ajili ya mbwa wanayempenda, wakamwandikia sifa zake kwenye karatasi, na karatasi ile ikageuka mifupa. Sisi tunaoshika kalamu, hilo la mwisho linatuhusu.

Kwanza tukubaliane mkia ni nini. Mkia si kitambaa kilichoshonewa nyuma ya mnyama. Ni uti wa mgongo wenyewe, kipande chake cha mwisho. Mbwa ana pingili 7 za shingo, 13 penye mbavu, 7 za kiuno, 3 zilizoungana penye nyonga, halafu ndipo zinafuata za mkia, ambazo mara nyingi hufika 20 hivi. Ni mfuatano mmoja, kama shanga katika uzi mmoja. Ukiona shanga za mwishoni zimetungwa vibaya, una haki ya kuuliza: je, huku katikati ni salama?

Ndiyo maana mkia mfupi au uliopinda ni ushahidi. Lakini ushahidi wa nini? Hapo ndipo penye kesi. Mbwa watatu wanaweza kusimama mbele yako, wote nyuma kumekatika ghafla. Wa kwanza kakatwa kwa kisu. Wa pili kazaliwa na kigutu. Wa tatu mkia anao, ila umejisokota kama parafujo na kulala ndani ya mkunjo wa ngozi. Kwa mpita njia hao ni wamoja. Kwa anayetaka kuzalisha mbwa, ni habari tatu tofauti, na kuzichanganya kuna gharama inayolipwa na wasiokuwepo bado.

KISU HAKIANDIKI DAMUNI

Wakati mmoja nilisimama kando ya barabara, pale ambapo vijana huuza watoto wa mbwa ndani ya maboksi. Kijana mmoja akaninyanyulia wa kahawia. "Mbegu safi hii, braza. Cheki mkia." Nikamuuliza: umekatwa, au kazaliwa hivyo? Akacheka. "Baba yake alikatwa, mama yake alikatwa, na huyu tumemkata. We subiri tu, wajukuu watatoka tayari."

Msimcheke. Mawazo hayo yaliwahi kushikiliwa na wasomi wenye ndevu ndefu kuliko zangu na zenu. Karne ya 19 wengi waliamini kwamba alichokipata au kukipoteza mzazi maishani mwake, mtoto anaweza kukirithi. Wakatajwa paka waliokatika mkia na kuzaa paka vigutu, na watu wakaapa.

August Weismann, profesa wa Freiburg huko Ujerumani, hakuridhika na viapo. Akachukua panya weupe, akawakata mikia, akawaacha wazaane. Waliozaliwa nao akawakata, nao wakazaana, kizazi baada ya kizazi. Alipotoa hesabu yake mwishoni mwa miaka ya 1880, vizazi vitano vya wazazi waliokatwa vilikuwa vimezaa panya 901. Wote 901 walikuwa na mikia yao kamili. Hakutoka hata mmoja mwenye kigutu.

Na kwetu sisi, kusema kweli, hatukuhitaji panya wa Ujerumani. Pwani na bara, jando limepita vizazi na vizazi, baba, babu na babu wa babu. Mbona kila mtoto wa kiume bado anahitaji ngariba wake?

Kisu basi hakiandiki damuni. Mbwa aliyekatwa mkia, hata uti wake uwe mzuri kiasi gani au mbovu kiasi gani, atawapa watoto wake ule mkia aliozaliwa nao. Hilo la kwanza. Na linakuja na la pili ambalo watu hulisahau: kisu hufuta ushahidi. Ukiukata mkia wa mtoto wa siku tatu, umetupa jalalani pingili ambazo zingekuambia kama mgongo wake una kasoro. Mkia uliopinda na mkia ulionyooka, vikishakatwa, vinafanana.

Watu wamekata mikia tangu zamani, kila mmoja na sababu yake. Columella, Mrumi mzaliwa wa Cádiz aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, anasimulia kwamba wachungaji walikuwa wakimng'ata mtoto wa mbwa ncha ya mkia akifikisha siku 40 na kuuvuta mshipa wake nje. Eti mkia hautarefuka ovyo, na mbwa hatapata kichaa. Uingereza ilipoweka kodi ya mbwa mwaka 1796, ikaenea simulizi kwamba kigutu ni alama ya mbwa wa kazi anayesamehewa kodi. Wawindaji wakasema mkia hujeruhiwa vichakani. Sababu zikaja na kuondoka, kisu kikabaki.

KARATASI ILIYOGEUKA MFUPA

Sasa twende London, tukamwone mbwa aliyepoteza kazi.

Bulldog alikuwa mbwa wa mchezo wa kikatili: alimrukia fahali aliyefungwa kambani, akamng'ang'ania puani huku watu wakiwekeana pesa. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza likapiga marufuku michezo hiyo. Bulldog akabaki kama bondia ambaye ukumbi umefungwa. Ilikuwaje asipotee? Akapewa kazi mpya: kutazamwa.

Mwaka 1859 mji wa Newcastle ulifanya maonyesho ya mbwa yanayokumbukwa kama mwanzo wa enzi hiyo. Mwaka 1865 mpenzi mmoja wa bulldog, Samuel Wickens, akiandika kwa jina la kujificha la Philo-Kuon, akatoa maelezo ya jinsi bulldog anavyopaswa kuwa, kiungo kwa kiungo. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club, na mwaka 1874 likatoka daftari lake la kwanza la nasaba. Mwaka 1875 wapenzi wa bulldog wakakutana katika baa iitwayo Blue Post, mtaa wa Oxford, wakaunda chama chao na kukubaliana juu ya maandishi ya sifa za mbwa wao.

Tuliangalie jambo hilo kwa jicho la mwandishi. Zamani mbwa alijulikana kwa kazi. Anayekamata panya ni mkamata panya, anayechunga, mchungaji. Akishindwa kazi, hazalishwi. Tangu siku zile mbwa akaanza kujulikana kwa maandishi. Jaji anashika karatasi kichwani mwake, anamtazama mbwa, anauliza: je, huyu anafanana na sentensi? Anayefanana anapewa kikombe. Mwenye kikombe anatafutwa na kila mwenye jike. Watoto wake wanajaa mitaani, na wajukuu wanaoana wao kwa wao, kwa sababu daftari limefungwa: asiyezaliwa na walioandikwa, haandikwi.

Mabwana wale walitaka kichwa kikubwa, uso mfupi, kifua kipana. Mkia waliutaka mfupi, uliokaa chini, unaotoka ulionyooka kisha ukateremka. Parafujo hawakuandika. Lakini parafujo ilikuja. Ilikujaje? Ili tuelewe, inabidi kwanza tupite Paris.

PANYA WA PARIS

Nadezhda Dobrovolskaya-Zavadskaya alizaliwa mwaka 1878, akawa daktari wa upasuaji katika dola ya Urusi. Mapinduzi ya 1917 na vita vilivyofuata vikamtoa kwao, akaishia Ufaransa, akapata nafasi katika maabara ya Taasisi ya Radiamu jijini Paris. Huko aliwapiga panya dume mionzi ya eksirei, kisha akafuatilia wazao wao. Mwaka 1927 akachapisha alichokiona: panya wenye mkia mfupi, na ufupi ule unarithiwa.

Ila hesabu zake zilikuwa na tundu. Alipowakutanisha vigutu kwa vigutu, alitarajia siku moja apate ukoo ambao wote ni vigutu daima, kama inavyotokea kwa sifa nyingine. Hakuupata. Kila mara walizaliwa vigutu na wenye mikia, uwiano wa wawili kwa mmoja. Ikawa lazima kuna kundi lisilofika. Mama yule akasema wazi: jeni hii ikija nakala moja, mkia unafupika, zikija nakala mbili, moja toka kwa baba na moja toka kwa mama, kiumbe hakiishi. Mwaka 1935 Paul Chesley akathibitisha kwa kuchunguza mimba changa zenyewe: wenye nakala mbili hufa tumboni, siku kumi na kitu tu baada ya mimba kutunga. Jeni ile ikaitwa T. Mwaka 1990 wanasayansi wakafanikiwa kuitenga na kuisoma.

Kumbe jeni hii haikuwa ya mkia peke yake. Inahusika na kuunda mhimili ambao kuuzunguka uti wote unajengwa. Nakala moja mbovu, ujenzi unafika karibu na mwisho unakatika, tunaona mkia mfupi. Nakala mbili mbovu, ujenzi unakatika katikati, na hapo hakuna mnyama. Mkia mfupi wa panya wale ulikuwa nusu ya sentensi ambayo nusu yake nyingine ni kifo.

CORGI KATIKA NYUMBA YA BOXER

Mwishoni mwa karne ya 20 sheria zikaanza kukifuata kisu. Norwe ilipiga marufuku ukataji wa mikia mwaka 1987, Uswidi mwaka 1989. Uingereza, kuanzia Julai 1993, kazi hiyo ilibaki kwa madaktari wa mifugo tu, na chuo chao cha kifalme kilikwisha sema kwamba kukata kwa ajili ya urembo si maadili ya udaktari. Baadaye, mwaka 2007, marufuku yenyewe ikaanza England na Wales, wakisamehewa baadhi ya mbwa wa kazi.

Wapenzi wa Boxer wakashikwa na wasiwasi. Kwao Boxer na kigutu ni chanda na pete. Je, Boxer mwenye mkia mrefu ni Boxer?

Kati yao alikuwepo Bruce Cattanach. Kazini kwake, Harwell, alikuwa mtaalamu wa urithi wa panya mwenye jina kubwa. Nyumbani alifuga Boxer. Panya wenye mkia mfupi aliwajua. Akajiuliza swali ambalo mtu wa kawaida asingethubutu: kwa nini tusipate kigutu cha kuzaliwa, kisu tukakitupa?

Corgi wa Pembroke, mbwa mfupi wa kuchunga ng'ombe huko Wales, wengine wao huzaliwa vigutu. Miaka ya 1990 Cattanach akamchanganya Corgi wa namna hiyo na Boxer. Waliozaliwa wenye kigutu akawarudisha kwa Boxer, na watoto wao akawarudisha tena, kila kizazi akichagua kigutu na kuacha umbo la Corgi lififie. Miguu mifupi ikaondoka, kichwa kikarudi kuwa cha Boxer. Baada ya vizazi vinne ilikuwa vigumu kumtofautisha mjukuu wa Corgi na Boxer wa daftari. Kennel Club ikawaandikisha. Hebu fikiri: lile daftari lililofungwa likamkubali mgeni, na Boxer hakufa.

Mwaka 2001 Cattanach na wenzake wakaionyesha jeni yenyewe ndani ya Corgi. Ilikuwa T ileile ya panya wa Paris. Tofauti ni herufi moja tu ya urithi iliyobadilika. Sisi tunaochapisha wenyewe majarida yetu tunalijua kosa la chapa la namna hiyo: unataka kuandika "paka", inatoka "pata".

Mwaka 2009 watafiti wengine wakapima mbegu 23 za mbwa wenye mikia mifupi. Kosa lilelile la herufi moja likakutwa katika mbegu 17. Na walipotazama mbwa wa Uswidi aitwaye Vallhund, wakaona kwamba wazazi wote wawili wakiwa vigutu, idadi ya watoto katika uzao hupungua kwa asilimia 29. Hesabu ya mama wa Paris ilikuwa robo. Miaka 82 imepita, na bado iko palepale.

Tuifanye kwa vidole. Tuseme kigutu kwa kigutu, mimba nane zimetunga. Kwa wastani mbili zitakuwa za mikia mirefu, nne za vigutu, mbili zina nakala mbili mbovu. Hizo mbili mara nyingi huyeyukia tumboni, na mfugaji haoni maiti wala damu. Anaona watoto sita, wanne vigutu, anafurahi: "Mbegu yangu imekubali!" Waliokufa kaburi lao ni tumbo la mama, na hakuna anayewahesabu.

Sasa fanya nyingine: kigutu kwa mkia mrefu. Mimba nane, nne za mikia mirefu, nne za vigutu, wala hakuna anayekufa kwa sababu hii. Idadi ya vigutu ni ileile nne! Ndiyo kanuni nzima ya kuzalisha vigutu vya kuzaliwa: usimkutanishe kigutu na kigutu. Inahitaji kitu kimoja kigumu, nacho ni kumpenda na kumtunza pia yule mwenye mkia mrefu, maana bila yeye wenzake hawazaliwi salama.

HERUFI ILIYODONDOKA

Katika zile mbegu 23, sita hazikuwa na kosa la T. Mojawapo ni bulldog. Nyingine ni Boston terrier. Kwa hiyo mkia wao ulikuwa na hadithi nyingine, na ilichukua hadi mwaka 2018 kuisimulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walilinganisha mbwa wenye mkia wa parafujo na wasiokuwa nao, wakaikuta jeni iitwayo DVL2. Ndani yake herufi moja haikubadilika, bali imedondoka.

Kudondoka ni kubaya kuliko kubadilika, kwa sababu mwili husoma herufi zake tatutatu. Chukua sentensi hii ya maneno ya herufi tatu: MTU ANA UZI ULE PIA. Dondosha A moja tu, kisha endelea kusoma tatutatu: MTU NAU ZIU LEP IA. Neno la kwanza limesalimika, baada ya hapo ni fujo mpaka mwisho.

Jeni hii nayo ina kazi katika kupanga pingili. Pingili nzuri ni kama kopo, pande zote sawa. Iliyokosewa huwa kama kabari, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Zipange kabari kadhaa mkiani na nyingine ziungane: mkia unajisokota. Zipange mgongoni: uti unapinda, na pengine kuubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake. Mbwa wengi huishi na pingili hizo bila dalili. Wengine miguu ya nyuma hulegea, hawawezi kuzuia mkojo wala choo. Na hata mkia wenyewe, ukilala ndani ya mkunjo wa ngozi, unafuga unyevu, vidonda na harufu, hadi wakati mwingine daktari analazimika kuukata. Kisu tulichokitoa kwa mlango wa mbele kimerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kama tiba.

Sasa lile swali letu: parafujo ilikujaje wakati haikuandikwa? Watafiti waliona kwamba kosa hilo la DVL2 linakwenda pamoja na kichwa kipana na uso mfupi. Kuna hata mfano kwa binadamu. Mwaka 1969 daktari Meinhard Robinow na wenzake walieleza hali ya watu wenye uso wa namna ya pekee, mikono na miguu mifupi, na mara nyingine pingili zilizokosewa. Baadhi ya wenye hali hiyo wamekutwa na makosa katika jeni DVL1 au DVL3, ndugu wa DVL2. Uso na mgongo, kumbe, vinafanyiwa kazi na mafundi wa ukoo mmoja. Mabwana wa London waliagiza uso, wakaletewa na mkia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Vigutu vya T tuliviwekea kanuni, kwa sababu daima yupo mwenzi mwenye mkia mrefu wa kumkutanisha naye. Katika utafiti ule wa 2018, bulldog na Boston terrier waliopimwa walikutwa wote na nakala mbili za DVL2 yenye kosa, na bulldog wa Kifaransa karibu wote. Sasa mfugaji mwema atachagua nini? Anaweza kupiga picha za eksirei na kuwaacha wenye migongo mibaya zaidi, maana ukali wa kasoro hutofautiana. Inasaidia, na anayefanya hivyo apongezwe. Lakini herufi iliyodondoka hawezi kuiokota ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyebaki nayo. Lazima atoke nje.

Badala ya kutoka, wengine wamerekebisha maandishi. Baada ya filamu ya BBC ya mwaka 2008 juu ya afya ya mbwa wa nasaba, Kennel Club ilipitia upya sifa za mbegu nyingi. Maandishi ya Uingereza yanaona mkia uliozama ndani au uliobana sana kuwa usiopendeza. Maandishi ya Marekani yanakubali mkia ulionyooka na wa parafujo pia. Karatasi mbili, bahari katikati, mbwa mmoja. Maandishi yalichonga mwili kwa miaka zaidi ya 100. Kuufuta mstari hakuurudishii mwili herufi yake.

KITABU KINAFUNGUKA

Ni kweli basi kwamba daftari likifungwa limefungwa? Hapana, na shahidi wetu anatoka jirani, misitu ya Kongo.

Basenji ni mbwa wa huko, mdogo, habweki kama wengine, na mkia wake umejikunja juu ya nyonga kama kata ya mchukuzi. Anatufaa kwanza kwa somo la macho: mkia uliojikunja si lazima uwe na kasoro. Ushike taratibu, uunyooshe. Ukifuata mkono, hiyo ni tabia yake ya kuubeba. Ukigoma, ukasikia kifundo au kona ya mfupa, hapo pana jambo. Mkia unaweza pia kuvunjika, mlangoni au chini ya miguu ya mama. Ndiyo maana mkia mmoja hautoshi kutoa hukumu. Tazama ndugu zake, tazama wazazi, piga picha ikiwezekana. Kasoro ikijirudia katika uzao mmoja, au kwa wazazi walewale uzao hadi uzao, acha kuwakutanisha wazazi hao.

La pili ni daftari. Basenji wa Marekani walitokana na mbwa wachache waliotolewa Afrika, wakazaana ndani kwa ndani, ugonjwa wa figo wa kurithi ukawaenea. Mwaka 1987 na 1988 wapenzi wao wakasafiri hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, wakachukua mbwa wa vijijini ambao hawakuwahi kuandikwa popote. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kuwapokea. Mbwa wa kijijini, ambaye mjini tungemwita koko, akawa ndiye wa kuokoa mbegu ya watu wenye daftari.

Kwa hiyo milango ipo. Boxer aliingiziwa Corgi, basenji akaletewa ndugu zake wa nyumbani. Kinachomzuia bulldog ni watu kuogopa kwamba kizazi cha kwanza hakitafanana na karatasi. Hakitafanana, kweli. Watatoka wenye pua ndefu kidogo na mkia unaotikisika, na jaji atawapita. Cattanach naye wa kwanza kabisa hawakufanana na Boxer. Alivumilia vizazi vinne.

Na wewe kijana wa mjini, unayepanga kununua mtoto wa mbwa au kuanza biashara hiyo, maana naona inakua, usikubali kuishia kwenye "cheki mkia". Uliza: huu umekatwa, umerithiwa, au umevunjika? Wazazi wake wote wawili wana mikia gani? Walizaliwa wangapi? Uzao uliopita walikuwa wangapi? Muuzaji asiyejua majibu hajui anachouza.

Sisi jarida letu likitoka na kosa la chapa, toleo lijalo tunaomba radhi na kusahihisha, basi yamekwisha. Yale yaliyokubaliwa katika baa ya Blue Post yamechapwa katika migongo, na toleo jipya hutoka kila jike linapozaa. Wa kuyasahihisha ni mfugaji atakayemtazama yule mwenye mkia unaotikisika, aliyepitwa na jaji, akamchukua kwenda kuzalisha.